Mpatanishi naye anachoka: Lederach anatusaidia wapi, anatuacha wapi?

Kama ulisoma mambo ya amani na migogoro, pengine jina la John Paul Lederach ulilikuta katika silabusi, ao profu alilitaja mara mbili tatu mbele ya examen. Kitabu chake The Moral Imagination kilitoka mwaka 2005 kwa Oxford University Press. Kiko kwa Kiingereza, na sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunakisoma polepole, dikshonere pembeni. Hata hivyo kinasomeka, kwani Lederach haandiki kama mtu wa ofisi. Anaandika kama mtu aliyekaa miaka mingi katikati ya watu wenye kugombana, na akaona mambo ambayo hayaingii katika tablo.

Niseme wazi toka mwanzo: kitabu ni kizuri, na kila mtu anayetaka kazi ya upatanishi akisome. Lakini kuna mahali kinamwacha mpatanishi peke yake, na pale njo penye shida yetu kubwa hapa Kivu na Ituri. Tunajifunza namna ya kusikiliza wengine. Nani anamsikiliza mpatanishi?

Kwanza, kitabu kinasema nini. Sura ya pili inaleta hadithi nne za kweli: ya Ghana, ya Kenya, ya Kolombia na ya Tajikistani. Kutoka hapo mwandishi anasema upatanishi unasimama juu ya mambo manne. La kwanza, kujiona umefungwa pamoja na adui yako katika uhusiano mmoja. La pili, kuwa na hamu ya kujua, bila kugawa watu haraka katika wazuri na wabaya. La tatu, kubuni kitu kipya pale kila mtu anaona njia mbili tu. La ine, kukubali kuingia mahali usipojua mwisho wake. Katika sura ya tisa anatumia mfano wa chachu ya mkate. Si lazima watu wawe wengi, anasema. Inatosha wawe wachache wa namna inayofaa, wachanganywe vizuri na unga.

Hii inatuponya na ugonjwa mmoja tunaoujua sana: ugonjwa wa ateliye. Siku tatu katika salle ya paroisse ao ya hoteli, makaratasi makubwa ukutani, mti wa migogoro wenye mizizi na matawi, jeux de rôle, perdiemu, foto ya pamoja, sertifika. Siku ya ine unaitwa mpatanishi. Lederach anapinga wazo hilo. Kwake yeye ufundi ni sehemu ndogo. Mpatanishi anakua kama msanii anavyokua: kwa kutazama, kwa kurudia, kwa kukaa kimya, kwa kujua mahali anapofanya kazi. Hapo ninamuunga mkono mia kwa mia. Sertifika kumi kwenye CV hazimfundishi mtu kunyamaza wakati mama mmoja anatafuta neno la kusema namna mtoto wake alivyokufa.

Sura ya sita nayo ni dawa. Mwandishi anasema kukata tamaa kwa watu waliokaa ndani ya vita si adui wa amani. Ni akili. Watu hao wameona mapatano mengi yakisainiwa na kuvunjika, kwa hiyo wanapima kila jambo jipya kwa mizani kali. Hapa kwetu nani hatamuelewa? Tarehe 23 Januari 2008 acte d'engagement ilisainiwa Goma, hoteli na barabara zikajaa matumaini. Mwaka huo huo haujaisha, vita vilikuwa vimerudi Kivu ya Kaskazini. Mzee anayekuambia "tulishaona hizo" hana roho mbaya. Anakukopesha uzoefu wake.

Sasa tuje mahali ninapoachana na mwandishi. Sura ya 14 inaongea juu ya wito na hatari. Kwa Lederach, kazi hii inaitwa na sauti ya ndani, na mtu anayeisikia hiyo sauti anapata nguvu ya kuendelea. Ni maneno mazuri. Lakini neno "wito" likifika Bukavu, Goma ao Bunia, linabadilisha nguo. Linakuwa sababu ya kutomlipa mtu. Kijana ana lisansi, anaingia onege kama stajiaire, anafanya miezi kumi na mbili bila mkataba. Akiuliza transport, anajibiwa: "Hii kazi ni ya moyo, ndugu yangu." Akisema hapati usingizi, anajibiwa: "Jikaze tu, hii kazi njo ile." Kitabu chenye sura nzima juu ya wito hakina sura juu ya mkataba, mapumziko, ao mtu wa kukusikiliza ukitoka kwenye kikao. Kwa msomaji mwenye mshahara wa iniversite, pengo hilo ni dogo. Kwa sisi, ni shimo.

Tuangalie kazi yenyewe inavyokula mtu. Chukua mfano wa mgogoro wa shamba Kalehe ao Masisi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Juu ya udongo ambao wanakijiji wanaushika kwa desturi, artikle 389 ya sheria hiyo iliahidi ordonnance ya Rais ya kupanga haki zao. Zaidi ya miaka hamsini imepita, ordonnance hiyo haijatoka. Kwa hiyo familia moja inakuja na karatasi ya cadastre, nyingine inakuja na neno la mwami na miti iliyopandwa na babu. Zote mbili zina haki ya namna fulani. Mpatanishi anakaa katikati ya shimo ambalo si yeye alilichimba. Anasikiliza siku nne, anaandika PV, watu wanasaini, wanakunywa pamoja. Miezi sita baadaye mtu mwenye nguvu anarudi na karatasi nyingine, na kila mtu anamtazama mpatanishi: "Wewe njo ulitudanganya."

Ongeza kwamba mpatanishi wa kwetu si mgeni. Ana kabila, ana jina ambalo watu wanalisoma mara moja, ana wajomba katika upande mmoja. Jioni hapandi ndege kurudi mbali. Anarudi nyumbani, penye majirani wale wale. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wapatanishi wengi wamekuwa wenyewe wakimbizi, ao wamebaki wakiwa na hofu ya kila neno wanalosema. Kumwambia mtu kama huyo apumue kwa kina na anywe maji mengi, ni kumcheka.

Wataalamu wa saikolojia wameiandika hali hii zamani. Charles Figley, katika miaka ya 1990, aliita "uchovu wa huruma" ule unaomkuta mtu anayepokea maumivu ya wengine kila siku mpaka yanakuwa yake. Christina Maslach naye, toka mwanzo wa miaka ya 1980, alionyesha kwamba uchovu wa kazi una alama tatu. Mtu anaishiwa nguvu za ndani. Anakuwa baridi kwa watu anaowahudumia. Anaona kazi yake haina maana tena.

Tusimame kwenye alama ya pili, ile baridi, kwa sababu hapo njo msingi wa kila kitu ninachosema. Mwalimu akichoka, somo linakuwa baya. Mpatanishi akichoka, haki inapotea. Mama mzee anaanza hadithi yake kutoka mwaka wa 1993, mpatanishi aliyechoka anaangalia saa: "Mama, tufike kwa shamba." Kumbe shamba lilikuwa ndani ya ule mwaka wa 1993. Upande unaosema kwa ufupi, wenye karatasi safi, wenye Kifaransa, unaonekana una akili zaidi, kwa sababu hauchoshi. Hakuna aliyekula rushwa, hakuna aliyependelea kabila lake. Lakini upande mmoja umeshinda kwa sababu ya usingizi wa mpatanishi. Basi kumtunza mpatanishi si zawadi ya kumpa kama bajeti imebaki. Ni sehemu ya usawa wa kikao chenyewe. Wale wawili wanaogombana wana haki ya kukaa mbele ya mtu mwenye masikio mazima.

Na juu ya nini mtu anachoka? Wafadhili na onege wengi wanapenda jibu la kwamba mtu mwenyewe hakujua kujitunza. Njo maana ateliye siku hizi ina module ya "kujitunza", saa nane ya siku ya mwisho, wakati watu wanasubiri perdiemu na motari yuko nje. Maslach na mwenzake Michael Leiter walikataa jibu hilo katika kitabu chao cha mwaka 1997, The Truth About Burnout. Walisema tuangalie kwanza mahali pa kazi: mzigo wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, umoja wa wenzako, usawa, na kama kazi inafuata yale unayoamini. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuweka uchovu huu kama jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa wa mtu. Pima hayo sita kwa stajiaire wetu. Mzigo: vijiji saba kwa mtu mmoja. Kuamua: tarehe ya mwisho ya mradi imewekwa mbali, na wafadhili wanataka "migogoro 20 imetatuliwa" mbele ya Desemba. Malipo tumeshasema. Kama hayo hayabadiliki, hakuna mazoezi ya kupumua yatakayomponya.

Mtu atasema: pesa haipo. Kweli, lakini si kila kitu kinadai pesa. Kwenda wawili wawili badala ya mmoja kunaongeza gharama kidogo, na kunapunguza makosa mengi. Haki ya kusema "kesi hii sitaishika, mmoja wao ni mjomba wangu" haigharimu hata franga moja. Siku tatu za ateliye zinaweza kugawanywa: siku moja leo, nyingine baada ya miezi miwili, nyingine baada ya minne, ili watu warudi na kesi zilizowashinda. Kukua kikazi ni pale: kurudi na kilichokushinda na kukiweka mezani mbele ya wenzako, bila kuogopa kwamba kitaandikwa katika raporo.

Tena, desturi yetu inajua jambo hili. Barza ya wazee haimwachi mzee mmoja abebe kesi peke yake. Wanakaa wengi, mmoja anaongea, mwingine anatazama nyuso, wa tatu anakumbuka kesi ya zamani. Na sisi wote tunajua likelemba: kila mwezi kila mtu anatoa, na mmoja anabeba chungu chote, kwa zamu. Kwa nini wapatanishi kumi wa mji mmoja wasifanye likelemba ya masikio? Kila wiki mbili, saa mbili, mmoja anaongea na wengine wanamsikiliza. Hakuna majina ya wanaogombana, hakuna kushauri haraka. Wiki nyingine ni zamu ya mwingine. Yule ambaye usiku anasikia sauti za watu mpaka asubuhi, wenzake wampeleke kwa mtaalamu ao kituo cha afya, kwani likelemba haiponyi kila kitu.

Jambo la ajabu ni kwamba jibu hili limo ndani ya kitabu cha Lederach mwenyewe, hakulichimba tu. Hadithi yake ya Kenya ni ya Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo za Wasomali zilikuwa zinauana. Wanawake wachache walianza na soko: kila mama, wa ukoo wowote, auze na anunue bila kuguswa. Toka sokoni wakaenda kwa wazee, na pia kwa vijana na kwa Serikali. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007; alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabara. Lederach anaisoma hadithi hii kama ushahidi wa ubunifu. Ni kweli. Mimi ninaisoma pia kama ushahidi wa kubebana. Wale wamama hawakuwa na module ya kujitunza, lakini walikuwa na wao kwa wao. Chachu haifanyi kazi kwa punje moja.

Basi soma kitabu. Anza na sura ya pili, ya sita na ya tisa. Ukifika ya 14, isome na kalamu mkononi. Na wewe unayesubiri jibu la staje katika onege fulani, mbele ya kusaini uliza swali moja tu: "Nikitoka kwenye kikao kizito, ni nani atanisikiliza, na ni siku gani?" Wakikosa jina na siku, umejua tayari kazi hiyo itakufanya nini, na itawafanya nini wale watakaokuja mbele yako kutafuta haki.