Ziwa letu kwa macho ya Kairo

Ukitaka kusoma habari za Mto Nile, kila mtu atakutuma kwa Speke, na sisi wa Mara hata tukitaka hatumkwepi: maji yanayopiga upande wa Bunda mpaka leo yanaitwa Ghuba ya Speke. Safari hii naomba tumwache. Nataka tumsome Sir William Garstin, mhandisi wa mifereji ambaye huku kwetu hana hata jiwe lenye jina lake.

Kitabu chenyewe ni ripoti ya serikali ya mwaka 1904 kuhusu bonde la Nile ya juu, imejaa majedwali. Niliisoma kwenye simu, siku nyingine nimekaa Mwigobero hapa Musoma nikisubiri mtu asiyefika. Sijutii.

Garstin alizaliwa India mwaka 1849, akaanzia kazi huko, na mwaka 1885 akapelekwa Misri, miaka mitatu tu baada ya Waingereza kuivamia. Alikuta nchi inayoishi kwa mfereji. Alipanda cheo mpaka akasimamia umwagiliaji wote, na bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1902 yeye ndiye alikuwa na sauti wizarani. Mwaka uliofuata alifika Ziwa Victoria, kisha akaufuata mto kuteremka nao.

Kusema kweli, anaandika vizuri. Hana makelele ya wavumbuzi. Speke na Stanley wakifika mahali, lazima wao wawe katikati ya picha. Garstin anauliza maji kiasi gani yanapita hapa, na jua linakunywa kiasi gani. Kwa msomaji aliyechoka na mashujaa, hiyo ni nafuu kubwa.

Ila tatizo liko kwenye neno moja: kupotea. Mto unapoingia kwenye Sudd, kule Sudan Kusini, unatawanyika kwenye mafunjo, na sehemu kubwa ya maji haitoki tena. Garstin analia kama mtu aliyeibiwa. Dawa yake ni kuchimba njia mpya, moja kwa moja kutoka Bor mpaka pale Sobat inapoingia. Lakini yamepotea kwa nani? Kwa Wadinka na Wanuer, kinamasi hicho kikipungua maji ndiyo malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Kwenye hesabu yake malisho hayana safu. Wazo lake ndilo lililozaa Mfereji wa Jonglei, ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 na kusimamishwa na vita. Na jamani, kiongozi wa wapiganaji, John Garang, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya Jonglei hiyohiyo! Sijui uhakiki mwingine wa ripoti ya uhandisi uliofika mbali hivyo.

Huku ziwani mambo ni yaleyale, ila kwa upole. Anapima kama maziwa haya yanafaa kuwa matangi ya Misri. Mvua na mvuke vinahesabiwa. Mtu wa mwambao anayevua na kuchota hahesabiwi.

Najua nitaambiwa namwonea: alilipwa na Misri, na Misri bila Nile ni jangwa. Kweli kabisa. Alifariki mwaka 1925, kabla ya mkataba wa 1929 ambao Uingereza iliipa Misri kauli ya kuzuia kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme huku juu itakayopunguza maji yake. Hakuuandika yeye. Lakini ukiusoma baada ya ripoti, unasikia sauti ileile: mto una mwenyewe, na mwenyewe yuko chini. Mkulima wa Bunda anayeiangalia ghuba huku mahindi yake yanakauka alikuwa amesharukwa kwenye majedwali kabla hajarukwa kwenye sheria.

Tanganyika huru ilikataa kufungwa na mkataba huo mwaka 1962, na msimamo huo wanasheria wameubatiza jina la mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere. Siku hizi kuna mradi wa kupeleka maji ya ziwa kutoka Mugango na Kiabakari mpaka Butiama kwenyewe.

Nimetafuta kitabu cha Kiswahili kinachousoma mto huu kuanzia juu, tuseme kuanzia daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapokaribia kuingia ziwani. Sijakipata. Mwenye nacho anikopeshe, nitakirudisha.