Usinitajie f/11, Niambie Ulisimama Wapi

Kuna desturi moja ya wapiga picha wetu wa mandhari inayonikera: chini ya kila picha wanaandika namba. f/11, 1/125, ISO 100. Ni kama mpishi akuletee samaki, halafu kabla hujaonja aanze kukueleza moto wa jiko ulikuwa wa kiasi gani.

Nakiri, hata mimi nilikuwa hivyo. Mara ya kwanza kwenda Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, nilifika saa sita mchana, jua la utosi, na mipangilio yote niliyoikariri YouTube. Kila kitu kilitoka wazi, kuanzia nyasi za mbele hadi miti ya nyuma. Lakini picha ilikuwa imekufa. Ukuta ule wa karne nyingi ulionekana kama ukuta wa ploti yoyote mtaani kwetu.

Shida ilikuwa saa. Kuta za Thimlich, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hazina saruji wala udongo wa kuzishika. Zimesimama kwa sababu ya jinsi jiwe lilivyokalia jiwe. Picha isiyoonyesha nyufa kati ya mawe haijaonyesha ukuta. Nyufa hizo zinahitaji mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, kila jiwe likimtupia jirani yake kivuli. Halafu milango yake ni mifupi, lazima uiname kuingia. Picha za droni zinatupa duara safi sana, lakini droni haijawahi kuinama.

Tena mafunzo mengi tunayofuata yametoka nchi za mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari na mwanga wa dhahabu unakaa kaa. Homa Bay iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Huku jua huzama karibu wima. Ukianza kuhangaika na menyu ya kamera, ukiinua macho limeshaenda.

Basi namba ni upuzi? Hapana, na hapa ndipo nakosana na wale wanaosema "jicho tu latosha." Nenda Mbita usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena wakiwa ziwani na taa zao. Picha karibu zote za pale ni zilezile: kamera imeachwa wazi sekunde 30, taa zimegeuka nyuzi za mwanga, na chini yake maneno kama "mji unaoelea." Inapendeza, sikatai. Lakini watu wako wapi? Wamevuta nyavu usiku kucha na kamera imewafuta. Kumbakisha mvuvi mmoja kunataka uombe nafasi kwenye mashua, upandishe ISO, ufupishe muda, ukubali picha yenye chengachenga. Hapo namba ndiyo inayoamua nani abaki na nani afutwe.

Ansel Adams, Mmarekani anayetajwa sana na wapenzi wa namba, alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941 bila kukiona kipimo chake cha mwanga. Alijua mwezi unang'aa kiasi gani, akapiga hesabu kichwani. Watu husimulia kisa hiki kusifu hesabu. Mimi nasikia kingine: kwanza aliona, akasimamisha gari. Hesabu ilikuja baadaye, kutumikia alichokiona.

Kwa hiyo ukiweka picha yako, niambie ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, na nani alikuwepo. Mimi nilirudi Thimlich saa kumi na moja jioni, nikachuchumaa mlangoni, nikangoja vivuli viingie kwenye mawe. Ile picha ninayo hadi leo. Niliweka f ngapi? Sikumbuki.