Nani Amfundishe Msimamizi wa Shule?

Katika madarasa ya uongozi, wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: Je, mwalimu akitolewa darasani na kukabidhiwa usimamizi wa shule zote za wilaya, hubaki upande wa walimu na watoto, au hugeuka kuwa nyapara? Wengi hujibu kwa haraka kwamba madhali ametoka miongoni mwa walimu, hakuna hatari. Makala haya yanapinga jibu hilo. Tutatumia mfano wa Marekani, kwa sababu huko cheo hicho kina historia ndefu, na kwa sababu kuna kitabu juu yake kinachostahili kusomwa na kukosolewa.

Nchini Marekani shule za umma haziendeshwi na serikali kuu. Kuna wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi zina bodi zilizochaguliwa kwa kura. Bodi humwajiri msimamizi mkuu, na bodi hiyo hiyo yaweza kumfukuza. Cheo hiki kilianza 1837 katika miji ya Buffalo na Louisville. Kwa hiyo tangu mwanzo msimamizi amekuwa na macho mawili: moja linatazama darasa, la pili linamtazama mwenye kumpa mkate.

Mwaka 1962 Raymond Callahan alitoa kitabu kiitwacho *Education and the Cult of Efficiency*. Hoja yake ni kwamba kuanzia 1900 hadi 1930 hivi, wakati wafanyabiashara walipokuwa na sauti kubwa katika magazeti na katika bodi za shule, wasimamizi waliiga mawazo ya kiwanda. Frederick Taylor alikuwa amefundisha jinsi ya kupima kila tendo la mfanyakazi ili mwenye mali apate zaidi. Wasimamizi wakaichukua elimu hiyo na kuiingiza shuleni. Vyuo vikuu navyo vikaanza kuwafundisha hesabu za fedha, majengo na taarifa, huku malengo ya elimu yenyewe yakisukumwa pembeni.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Frank Spaulding, aliyekuwa msimamizi mjini Newton, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1913 alipiga hesabu ya bei ya masomo. Akaonyesha kwamba kwa dola moja mji ulipata vipindi 5.9 vya mwanafunzi katika Kigiriki, na vipindi 23.8 katika Kifaransa. Akaamua kwamba Kigiriki kisinunuliwe tena kwa bei hiyo. Tusije tukadanganyika kwamba Spaulding alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye shahada ya juu. Hakuna aliyetoka nje kuja kuigeuza shule kuwa duka. Mwenye shule ndiye aliyeshika mizani.

Hapo ndipo penye thamani ya kitabu cha Callahan, na hapo hapo ndipo penye upungufu wake. Yeye anaona kwamba ugonjwa ulitokana na udhaifu wa cheo: msimamizi aliogopa kufukuzwa, basi akasema lugha ya wenye nguvu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Woga unaeleza kwa nini mtu anainama, hauelezi kwa nini anainamia upande mmoja tu. Callahan anayataja malalamiko ya walimu dhidi ya vipimo hivyo, ila hawaoni walimu kuwa ndio nguvu ambayo msimamizi angeweza kuiegemea.

Nguvu hiyo ilikuwapo. Ella Flagg Young alianza kufundisha mjini Chicago mwaka 1862. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 1899 alijiuzulu usimamizi msaidizi kwa kupinga utawala wa amri. Katika maandishi yake ya 1900 alieleza kwamba mfumo unaomtenga mwalimu na maamuzi unamgeuza kuwa chombo. Mwaka 1909, baada ya kuongoza chuo cha ualimu, alifanywa msimamizi mkuu wa Chicago, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika mji mkubwa wa nchi ile. Aliyatetea mabaraza ya walimu, ili wanaofundisha wawe na sauti katika mambo ya shule. Bodi ilipambana naye. Mwaka 1915 ilipitisha kanuni ya kuwazuia walimu wasijiunge na chama chao, na mwisho wa mwaka huo akaondoka kazini.

Spaulding na Young wote walikuwa watu wa elimu. Tofauti yao ilikuwa ni nani waliyekubali kuwajibika kwake.

Mabepari wamelielewa somo hili. Mwaka 2002 tajiri Eli Broad, aliyepata utajiri wake katika ujenzi wa nyumba na bima, alianzisha mafunzo ya wasimamizi wa shule za miji. Waliingizwa waelimishaji, pamoja na wafanyabiashara na maofisa wa jeshi waliostaafu. Mwaka 2019 zilitolewa dola milioni 100 ili kazi hiyo ihamie Chuo Kikuu cha Yale, katika shule ya menejimenti. Anayelipia chuo ndiye anayeandika mtaala.

Je, sisi tuna haki ya kucheka? Maafisa elimu wetu wametoka ualimuni, na chuo cha Bagamoyo, kilichoanza 1979 kwa jina la MANTEP na sasa ni ADEM, kimewafunza viongozi wa shule kwa miaka mingi. Lakini lazima tujikosoe. Niliwahi kushiriki kuwafunza walimu waliokuwa wakiandaliwa kwa uafisa. Kwa majuma mawili tuliwapa bajeti, mafaili na nidhamu ya watumishi. Siku ya mwisho mwalimu mmoja alisimama akauliza: "Ndugu mkufunzi, yule mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma tutamzungumzia lini?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefanya kazi ya Spaulding pasipo kumjua.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea ubwana wa viongozi. Katika kuwaandaa wasimamizi wa elimu, una maana ya mambo matatu. Kwanza, mafunzo yaanze darasani, kwa kumtazama mtoto anavyosoma, ndipo yafuate mafaili. Pili, mwanafunzi wa uongozi akosolewe na walimu atakaowaongoza, si na wakufunzi peke yao. Tatu, akisha kupewa cheo, arudi kufundisha kwa vipindi, ili mkono usisahau chaki.

Hesabu za fedha ni za lazima, na afisa asiyezijua ataibiwa. Lakini afisa anayejua hizo tu ataipunguza shule kipindi baada ya kipindi, na taarifa zake zote zitakuwa sahihi.