Neno "Hukumu" katika Fundisho la Siku ya Mwisho: Uhakiki wa Kiswahili cha Mimbarini, Jinja na Mbale

Makala haya yanahakiki neno moja. Neno lenyewe ni hukumu, kama linavyotumika katika fundisho la Kikristo kuhusu mwisho wa nyakati. Mahali linapohakikiwa ni Jinja na Mbale, miji miwili ya mashariki mwa Uganda ambamo Kiswahili kinapanda mimbarini bila yeyote kuuliza kimebeba nini. Hoja yangu ni kwamba maana ya neno hukumu katika Kiswahili cha leo imefinyangwa hadi ikabaki adhabu tu, na fundisho linalolitegemea limefinyangwa pamoja nalo. Nusu ya fundisho hilo, yaani ile inayomsimulia Mungu kama msikilizaji wa shauri la aliyedhulumiwa, haisikiki tena. Hasara hiyo si ya wanateolojia peke yao. Inaonekana wazi zaidi pale mlima unapoporomoka.

Tuanze na neno lenyewe. Hukumu ni mkopo kutoka Kiarabu, na ndugu zake wa mzizi mmoja tunao hapahapa nyumbani: hakimu, mahakama na hekima. Ukoo huo unatukumbusha kwamba hapo awali kuhukumu kulikuwa ni kutumia busara kati ya pande mbili, si kuadhibu upande mmoja. Lakini matumizi yamekwenda kwingine. Msemaji wa kawaida akisema fulani "amehukumiwa", msikilizaji hangoji kuuliza kama alipatikana na hatia. Anauliza ni miaka mingapi. Aliyeshinda kesi hatuambiwi kwamba amehukumiwa, bali ameachiwa huru. Na mtu anayemsihi mwenzake asimhukumu hamkatazi kufikiri kwa haki, anamwomba asimlaumu. Wanasheria wanatenganisha hukumu na adhabu katika maandishi yao, lakini lugha ya sokoni imekwisha kuviunganisha, na mhubiri huhubiri kwa lugha ya sokoni.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, ndiyo iliyo mikononi mwa Wakristo wengi wasomao kwa Kiswahili katika eneo letu. Watafsiri wake hawakulala usingizi. Walipofika kwenye Waraka kwa Warumi, mlango wa 8, na kukutana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupatikana na hatia, waliongeza neno adhabu baada ya hukumu ili kuonyesha kwamba hukumu peke yake haitoshi kubeba maana hiyo. Nyongeza hiyo ndogo ni ushahidi mkubwa: kwao, hukumu ilikuwa bado ni neno lisiloegemea upande. Ndiyo sababu katika Zaburi ya 43 wangeweza kumpa mtunzi kitenzi "unihukumu" kama ombi, tena ombi la mtu anayetaka kutetewa. Msomaji wa leo akilifikia neno hilo anakwama. Nani aombaye kuhukumiwa? Katika Zaburi ya 96, mashamba na miti hufurahi kwa sababu Mungu anakuja kuhukumu nchi. Furaha hiyo haina maana yoyote ikiwa anayekuja ni mtoa adhabu tu. Ina maana kamili ikiwa anayekuja ni yule atakayesikiliza kesi ambayo mahakama za duniani zilikataa kuisikiliza.

(Tafsiri hiyohiyo inamwita mwamuzi dhalimu wa Injili ya Luka, mlango wa 18, "kadhi". Mbale ni mji wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na kadhi ni kiongozi wa dini anayejulikana kwa jirani zake. Sidhani watafsiri walikusudia kumtukana mtu, lakini mwalimu wa dini anayesoma sura hiyo mbele ya darasa lenye watoto wa imani mbili ana kazi ya kueleza.)

Jinja na Mbale zina kipimo ambacho Dar es Salaam au Mombasa hazina. Kwa muda mrefu lugha ya kanisa katika Busoga na Bugisu ilikuwa Luganda, na Biblia nzima ya Luganda, iliyotokana na kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, ilitoka mwaka 1896. Mwaka uliofuata Pilkington aliuawa papo hapo Busoga, kwa Luba, katika vita dhidi ya askari walioasi. Biblia hiyo huita siku ya mwisho olunaku olw'omusango. Omusango ni kesi, shauri. Shauri hukatwa, na likikatwa lina matokeo mawili: mtu anaweza kulishinda, au shauri lenyewe likamshinda yeye. Mkulima wa Busoga aliyesikia habari ya siku hiyo kwa Luganda alialikwa kuwazia baraza ambamo yeye pia anaweza kuwa mlalamikaji. Mjukuu wake anayesikia habari hiyohiyo kwa Kiswahili anaalikwa kuwazia kizimba, na ndani ya kizimba amesimama yeye.

Haifai hata hivyo kuipamba Luganda kupita kiasi. Omusango humaanisha pia kosa lenyewe, kwa hiyo nalo lina mtego wake. Zaidi ya hayo, Luganda haikufika Mbale kama mgeni mpole: ilikuja na Semei Kakungulu na mawakala wake, waliotawala kwa niaba ya Waingereza, na wazee wa Kigisu hawajasahau. Lakini ni Kakungulu huyohuyo anayetuonyesha uzito wa maneno ya tafsiri. Alijiunga na wafuasi wa Malaki, waliokataa dawa za hospitali kwa hoja za Maandiko. Kisha, kwa kuisoma Biblia ya Luganda kwa macho yake mwenyewe, akafikia uamuzi wa kutahiriwa mwaka 1919 na kuanzisha jumuiya ya Kiyahudi ambayo hadi leo ipo katika vilima vilivyo jirani na Mbale. Anayedhani kwamba uteuzi wa maneno ni mchezo wa wataalamu wa fonti na fahirisi aende Nabugoye akaone.

Kiswahili nacho kina historia yake hapa, na historia hiyo imelipa neno hukumu sauti ya pekee. Jinja ilikijua kupitia kambi ya King's African Rifles, ile ambayo askari wake waliasi Januari 1964, na kupitia wafanyakazi wa reli, viwanda na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Kwa kizazi kilichokuwa watu wazima wakati ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya kusimamishwa njiani na kuulizwa vitambulisho. Neno hukumu linapotamkwa kwa lugha hiyo mbele ya mzee wa miaka 70, halianzi safari yake katika Agano la Kale. Linaanzia kwenye kizuizi cha barabarani. Vijana hawana kumbukumbu hiyo, lakini wameurithi mkazo wa sauti.

Sasa tuje kwenye jambo linalonifanya nilete uhakiki huu mbele ya washauri wa sera. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima Elgon uliporomoka Nametsi, Bududa, ukafukia mamia ya watu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito inayopita Mbale, Nabuyonga na Namatala ikiwemo, ilifurika usiku na kuua watu mjini. Kila yanapotokea maafa ya namna hii, kuna mimbari ambazo huyaita hukumu ya Mungu, dalili ya siku ya mwisho. Mhubiri pengine anakusudia kuita watu watubu. Lakini kwa neno alilochagua, amekwisha kuwatia hatiani waliokufa, kwa kuwa katika Kiswahili cha leo hakuna hukumu bila mkosaji. Familia inayochimba matope kutafuta mtoto inaambiwa, kwa sarufi tu, kwamba kuna alilolitenda.

Injili yenyewe inapinga usomaji huo. Katika Luka 13 Yesu anaulizwa kuhusu maafa, naye anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anaitisha toba, ndiyo, lakini toba ya walio hai, si lawama kwa wafu. Kama fundisho la siku ya mwisho lingefundishwa kwa maana ya shauri, maswali yangegeuka: nani aliidhinisha ujenzi kando ya mto? Waliohamishiwa Kiryandongo baada ya 2010 walipewa walichoahidiwa? Miteremko ilikatwa miti na nani, na kwa njaa ya nani? Hayo ni maswali ya kieskatolojia kwa maana halisi ya Mathayo 25, ambako mataifa yanaulizwa kuhusu mwenye njaa na mgeni, wala hayaulizwi kuhusu ishara za nyakati.

Mathayo 25 ina tatizo lake jingine dogo. Kitenzi kilichotumika mwaka 1952 kwa kutenga kondoo na mbuzi ni kubagua. Wakati ule kilikuwa kitenzi cha mchungaji. Leo ni kitenzi cha ubaguzi, na mwanafunzi wa sekondari Mbale anayekisoma bila maelezo anamwona mfalme mbaguzi. Kiyama nacho kinahitaji uangalifu: tafsiri hiyo inakitumia kwa ufufuo katika habari ya Masadukayo, lakini jirani Mwislamu akisema siku ya kiyama anamaanisha siku yenyewe pamoja na hesabu yake.

Baada ya Kanungu mwaka 2000 na Shakahola mwaka 2023, mjadala wa sera kuhusu mahubiri ya mwisho wa dunia umekuwa juu ya usajili wa makanisa na elimu ya wachungaji. Ni mjadala wa lazima, lakini unawatazama wale wachache wanaoua. Hauyatazami maneno ambayo maelfu ya wahubiri waaminifu huyatumia kila Jumapili. Wakati huohuo, Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha Jinja na Mbale kitajifunza msamiati wa haki, kosa na hukumu kwa lugha hii, darasani kwanza na kanisani baadaye.

Sipendekezi neno hukumu lifutwe, limekwisha kukaa. Napendekeza lisiachwe peke yake. Kiswahili kina kuamua, ambalo asili yake ni kuwatenganisha wanaopigana, na ambalo watafsiri walilitumia kwa kitabu kizima cha Waamuzi. Kina kuamulia, kutetea, kukata shauri, kumpatia mtu haki yake. Mkazi wa Namatala anayejua baraza la mahakama ya kijiji chake anaelewa tofauti ya kuamuliwa na kuadhibiwa bila kufundishwa. Kamusi za shule na vitabu vya elimu ya dini vinavyoandaliwa sasa vina nafasi ya kuziweka maana hizo mbili bega kwa bega, kwa mifano ya kesi iliyoshindwa na kesi iliyoshinda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kuwaketisha meza moja watafsiri wa Biblia, walimu wa Jinja na Mbale na wakalimani wa mahakama, kabla miswada haijaenda kiwandani.