Baa za juu Dar es Salaam: tunalipa kuona mji, tunaoneshwa taa

Wenzangu walisansie, wengi wenu munapopita Dar es Salaam munatuma picha moja tu: glasi mkononi, nyuma kuna taa za mji, mahali ni juu ya paa la hoteli. Na mimi nilipanda, mwezi wa nane, wakati nilikuwa nangojea basi ya kurudi Lubumbashi. Jina la hoteli sitaitaja. Neno langu ni moja: baa kama ile inalipisha batu kwa kuona mji, basi ni lazima ioneshe mji. Ile yenye nilienda inaonesha paka taa.

Tuanze na viti. Ni makochi ya chini sana, na mbele yake kuna masanduku ya maua. Mutu akikaa anaona mbingu na majani. Kama unataka kuona maji, simama. Makochi yenyewe yanaangalia pisini na televizyo ya mpira. Jua likishatua wanawasha taa za rangi ya zambarau, kali kabisa, na vile vioo vya pembeni vinageuka kama kioo cha kinyozi: unaona sura yako mwenyewe. Hapo njo batu wanaanza kujipiga picha, juu hapana tena kitu kingine cha kuangalia.

Na kitu chenye kufichwa hakiko kidogo. Bandari ya Dar imeingia ndani ya nchi, na mulango wake ni mwembamba. Meli kubwa inapita karibu na Kivukoni mpaka unaona batu wanatembea juu yake. Ikipita, feri ya Kigamboni inangojea kwanza, imejaa batu, pikipiki na magari. Pembeni unaona paa jekundu la kanisa la Azania Front, lenye Wajerumani walijenga. Upande wa Kurasini kuna makreni na makontena yamepangwa kama matofali.

Sasa, hayo makontena ni ya nani? Mengine ni yetu. Shaba ya Katanga inapitia pale kwenda ng'ambo. Na pale pale inaingia salfa ya viwanda vya shaba, magari ya mitumba, nguo, na mbolea. Kutoka kwenye ile bandari mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, kwa kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa. Sisi wa agronomia tunajua ile njia inamaanisha nini. Kwetu mahindi yanapandwa mvua ikianza, karibu na Novemba. Urea ikilala bandarini ao mupakani mpaka Januari, mahindi hayaingojei. Yanaanza kuwa ya manjano kwa majani ya chini, kisha mulimaji anavuna masuke yenye meno machache. Mwisho wake unauona sokoni, kwa bei ya unga wa bukari. Kwa hiyo mwana wa Lubumbashi mwenye kukaa juu pale, na mugongo kwa bandari, ametupa mugongo kwa sahani ya mama yake.

Rafiki mumoja aliniambia: «We ulienda kupumzika, bandari ya nini?» Maneno yake ni ya kweli nusu. Kupumzika ni haki ya kila mutu, na upepo wa jioni kule juu ni muzuri, siwezi kuukataa. Lakini kupumzika hakuombi kufichwa. Ile jioni, kijana mumoja mwenye kutuhudumia alituona tumesimama, akakuja na sahani yake ya glasi, akaanza kuonesha kwa kidole: «Kaka, kule ni Kigamboni. Pale ni Magogoni, soko la samaki. Ile meli ya nyuma inangoja zamu ya kushusha.» Meza tatu zilisimama kusikiliza. Mpira uliendelea peke yake. Ile nusu saa njo ilikuwa baa ya kweli, na hoteli haikuitoza hata senti.

Tuje kwa chakula. Juisi ilitoka kwenye karatoni. Juisi ya karatoni, katika nchi yenye machungwa ya Muheza na mananasi ya Kiwangwa! Viazi niliuliza vimetoka wapi. Jibu lilikuwa la haki: katika mufuko wa friji, vimekuja vimekatwa. Wakati Njombe na Mbeya wanalima viazi kila mwaka. Na bei ya ile glasi moja ilitosha kununua sahani ya ugali na samaki kule chini, na chenji ikabaki. Sikatai bei. Mwenye kujenga juu analipa lifti, umeme na bayakazi. Lakini kama bei ni ya kuona mji, onesha mji, na kama ni ya chakula, pika cha inchi hii.

Kutengeneza haiko kazi kubwa. Wainue viti. Taa wazipunguze. Wakamue machungwa. Pale kwenye ukuta wa kioo waweke ubao wenye majina: mulango wa bandari, Kigamboni, Kurasini. Mandhari yenye hayana jina ni sawa na karatasi ya kupamba ukuta, unaweza kuipata popote.

Kwa wenye watapita huko: mupande mbele ya jua kutua, mukunywe kitu kimoja, musimame. Kisha mushuke mpaka Feri, mulipe nauli, muvuke Kigamboni na kurudi. Meli yenye muliona juu kwa bei kali mutaiona tena, karibu zaidi, mumesimama kati ya wauza samaki na wanafunzi.

Na siku mumoja wetu atafungua baa juu ya hoteli kwetu Lubumbashi, namuomba kitu kimoja: viti viangalie shemene ya Gécamines na teri yake. Mugeni aulize ile kilima nyeusi ni ya nini. Na mwenye kuhudumia akuwe na jibu.