Diwani ya Mwandishi Katika Mtandao

Neno diwani lina maana mbili ambazo kila mkazi wa Mwananyamala azijua. Diwani ni mtu aliyechaguliwa na watu wa kata yake awasemee katika halmashauri. Na diwani ni mkusanyo wa mashairi ya mtunzi. Maana zote mbili zafaa kulipima jambo linalowatatiza waandishi vijana wa leo, nalo ni namna ya kuziweka kazi zao katika mtandao.

Tangu Komakoma hata Kisiwani, wako vijana wanaotunga katika simu na kutangaza kila walitungalo siku ile ile. Wasomaji wanao, lakini diwani hawana. Mhariri atakaye kumjua mmoja wao hukuta rundo: shairi zuri limelala baina ya salamu za Idi na picha za harusi. Makala haya yadai kuwa ukurasa wa mwandishi hauna budi kuhukumiwa kama diwani, yaani kwa uteuzi wake, wala si kwa wingi wa vilivyomo.

Tutazame mifano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata 1840. Mashairi yake yalikusanywa baada ya kufa kwake na W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua; kisha William Hichens akayahariri, yakachapwa Johannesburg 1940. Twawashukuru wote, hata hivyo, uteuzi ule ni wa kumbukumbu za watu, si wa Muyaka. Shairi gani yeye angelitanguliza, na lipi angelificha, hapana awezaye kusema.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alijisemea mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1954 alitanguliza sheria za kutunga mashairi, ndipo akaweka diwani yake. Msomaji hupewa mizani kwanza, bidhaa baadaye. Hata asiyezikubali sheria zile ajua mtunzi ataka kupimwa kwa kipimo gani. Abdilatif Abdalla naye, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hata 1972, alitoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Ni kitabu kimoja kilichozaliwa na hali moja, na umoja huo ni sehemu kubwa ya nguvu yake.

Yawezekana mtu akapinga kwamba karatasi ilikuwa na mpaka, na mtandao hauna. Basi kwa nini mtunzi ajinyime? Jibu ni kuwa subira ya msomaji ina mpaka. Tena msomaji wa Mwananyamala hununua bando, na ukurasa uliojaa picha nzito humla fedha zake kabla hajaufikia ubeti wa kwanza. Mwingine atasema kuwa ajichaguliaye hujipendelea. Hilo ni kweli, kwani nyani haoni kundule. Kwa hiyo uteuzi na upitie mikononi mwa msomaji mmoja mkweli, mwenye ruhusa ya kuondoa. Kazi tano au sita, kila moja na mwaka wake na mahali ilipotokea mara ya kwanza, zamtosha mgeni kumjua mwandishi.

Limebaki suala la nyumba. Wakazi wa mitaa yetu wajua tofauti ya chumba cha kupanga na kiwanja chako. Kurasa za bure ni vyumba vya kupanga: Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za watu wasiohesabika ziliondolewa pamoja nayo. Hata mwenye nyumba yake hana salama kamili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu nchini kukata leseni, na baadhi yao wakafunga. Basi mwandishi na achague mahali panapomruhusu kuhama na kazi zake, atumie anwani yenye jina lake akiimudu, na nakala kamili azihifadhi kwingine, hata ikiwa ni katika karatasi.

Kata haipeleki umati wote halmashauri. Hupeleka mmoja awezaye kuusemea. Mwandishi asiyeteua kazi za kumsemea amewaachia wengine kazi hiyo, na huenda wakaifanya miaka mia baada yake, kwa yale tu yaliyosalia.