Pevingi za Plastiki na Fuso Lililolala Stendi

Tangu Nzambi Matee, mhandisi wa Nairobi na mwanzilishi wa Gjenge Makers, atunukiwe na Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kama kijana bingwa wa mazingira, pevingi za taka za plastiki na mchanga zimesifiwa kwa sentensi moja: zina nguvu mara tano hadi saba kuliko zege. Ukiisikia ukiwa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, ambako saruji hufika kwa lori kutoka kiwanda cha Songwe kule Mbeya au mbali zaidi, huku mitaro ikiwa imeziba kwa chupa na mifuko, unaweza kutamani kuagiza mashine kesho asubuhi. Kabla hujaiagiza, chungulia kwanza hiyo "nguvu" ilipimwaje.

Pevingi ya zege hupimwa kwa kupondwa. Inawekwa kati ya mabamba mawili ya chuma, mashine inakandamiza, na kwa dakika chache tu inapasuka kwa kishindo. Mzigo uliosomeka wakati huo ugawe kwa eneo, umepata namba. Kiwango cha Marekani kinataka wastani wa megapaskali 55. Lakini tairi la lori hukandamiza barabara kwa takriban megapaskali 0.8 tu, kwa hiyo tunadai karibu mara 70 ya mahitaji. Wahandisi hawakuwa wajinga. Kwenye zege, namba ya kupondwa ni shahidi wa mambo mengine: ikiwa kubwa, saruji ilitosha, maji hayakuzidi, mtikiso ulikuwa mzuri, na uso hautalika haraka kwa matairi na nyayo. Ulaya waliacha kabisa kuponda. Kiwango chao hupasua tofali kwa mstari mmoja katikati na kudai megapaskali 3.6.

Kwenye plastiki shahidi huyo hafai. Pevingi ya plastiki na mchanga haipasuki, inabonyea. Mashine inaendelea kukandamiza, tofali linaendelea kutanuka pembeni, na mzigo unaendelea kupanda. Namba inayoandikwa inategemea fundi wa maabara kaamua kusimama wapi. Asiyesimama mapema atapata namba ya kupendeza sana, na hatakuwa amedanganya. Ila hatakuwa amekwambia lolote kuhusu fuso lililoegeshwa stendi usiku kucha na magunia ya mpunga juu yake.

Utengenezaji wenyewe ni rahisi kueleza: plastiki inachambuliwa, inakatwakatwa, inayeyushwa, inachanganywa na mchanga mkavu, halafu uji ule mzito unatiwa kwenye kalibu na kushindiliwa kwa mashine ya haidroliki. Matee alianza majaribio yake uani kwa mama yake, baada ya kuacha kazi mwaka 2017. Ugumu wote umejificha kwenye neno "inachambuliwa".

Fikiria taka za Mpanda. Mifuko laini huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi, dumu la njano la mafuta ya kula kwenye 130, kiroba cha mahindi kwenye 160. Chupa ya maji ya kunywa haiyeyuki mpaka upite 250. Ukizitia zote kwenye pipa moja juu ya kuni, yatatokea mambo mawili. Ukisimama kwenye joto la dumu, vipande vya chupa na kiroba vinabaki vigumu ndani ya tofali kama mawe kwenye wali, na ufa huanzia hapohapo. Ukipandisha joto ili chupa nayo iyeyuke, mifuko itakuwa imeshaungua na kupoteza mnato, na moshi wake atauvuta fundi. Kukiwa na bomba la PVC humo, moshi huo una tindikali. Halafu hata zikiyeyuka pamoja, plastiki za aina tofauti hazishikani vizuri. Kiwanda chenye taka safi za viwanda vya vifungashio, kama kilivyo cha Nairobi, kina ahueni kubwa ambayo mji wa wakulima hauna. Mchanga nao usipokaushwa sawasawa, unyevu wake unageuka mvuke na kuacha matundu.

Tufanye na hesabu ya wingi. Mita moja ya mraba ya pevingi ya milimita 60 ina uzito wa kilo 100 hivi. Theluthi yake ikiwa plastiki, eneo la mita za mraba 1,000 linakula zaidi ya tani 33. Dumu tupu la lita 20 lina takriban kilo moja. Nani atayakusanya madumu 33,000, tena wakati kila nyumba inayathamini kwa kuchotea maji?

Tuseme yamepatikana. Adui wa kwanza ni jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Uso wa barabara juani hufika nyuzijoto 50 na kupita, na hapo plastiki ya mifuko imeshapoteza sehemu kubwa ya ukakamavu wake, ijapokuwa bado haijakaribia kuyeyuka. Tairi likipita mbio, tofali linabonyea kidogo na kurudi. Tairi likikaa saa nane, linabonyea na sehemu ya bonyeo hairudi. Zege kwa mzigo huo halina habari.

Jua hilohilo linalitanua tofali. Kwa kila nyuzijoto moja, zege hutanuka takriban sehemu 10 kwa milioni. Plastiki ya aina hii peke yake ni 100 hadi 200. Mchanga unaipunguza, tuseme ibaki 50. Mstari wa mita 10 unaopata tofauti ya nyuzijoto 30 kati ya alfajiri na alasiri utasukuma milimita 15, wakati ule wa zege unasukuma 3. Milimita 15 zikigawanywa kwenye maungio 50 ni kidogo. Lakini usiku tofali linaposinyaa, mchanga wa maungio unashuka na kujaza nafasi, na kesho yake tofali halina pa kutanukia. Mawe ya ukingo ndiyo yanayolipa. Yakilegea, pevingi zote zimelegea, kwa maana sakafu ya pevingi husimama kwa kubanana.

Kuna suala lisiloandikwa kwenye ripoti yoyote ya maabara niliyowahi kuisoma: jiko la mkaa. Stendi ya Tanzania bila mama lishe si stendi. Jiko lake linakaa chini, makaa yanadondoka, na jioni mtu anakusanya takataka pembeni na kuzitia moto. Zege litapata doa jeusi. Plastiki itapata shimo.

Tuitendee haki, lakini. Haifyonzi maji, hivyo masika haiigusi. Mafuta ya dizeli yanayovuja, ambayo huilainisha lami mpaka ikachimbika, hayaidhuru sana. Ikianguka kutoka kwenye guta haivunjiki, na ni nyepesi kuliko zege, jambo ambalo anayelipia usafiri hadi Mpanda analielewa vizuri.

Lakini ulaini wake una bei yake chini ya tofali. Ukakamavu wa zege ni gigapaskali 30 hivi. Plastiki yenyewe haivuki sana 1. Tofali laini halitawanyi mzigo, linaupitisha ulivyo kwenye mchanga wa kulalia na tabaka la kifusi. Kwa hiyo pevingi ya plastiki inadai msingi bora kuliko ya zege, na msingi ndio tunaoubania fedha kila mara. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unataka kifusi kipimwe kikiwa kimelowekwa siku nne, kwa sababu Novemba mpaka Aprili hicho ndicho kifusi utakachokuwa nacho.

Na hapa kuna urejelezaji ambao haupigiwi picha: kuikwangua barabara ya changarawe iliyochoka, kuichanganya palepale na saruji kidogo au chokaa, kuimwagia maji na kuishindilia. Mwongozo unadai megapaskali 1 au 2 tu baada ya siku saba, kulingana na tabaka. Ningekuwa na fungu moja la fedha Mpanda, ningelianzia huko, kisha pevingi za plastiki nikaziweka njia za waenda kwa miguu na viwanja vya shule, mbali na fuso na mbali na jiko.

Kwa atakayeng'ang'ania kuziweka stendi, kipimo hakihitaji maabara ya Dar es Salaam. Chukua tofali, liweke juani saa sita mchana, weka juu yake jeki yenye kitako kidogo chini ya fuso lililopakia, uliache mpaka kesho yake. Kisha toa jeki, subiri saa moja, uweke rula.